Siku Niliyomweleza Mama Mkwe Rangi ya Choo Changu

Mke wangu ni wa Machakos, mimi nilioa tu nikahamia. Kwetu magharibi na kwao Ukambani tunatofautiana mengi, lakini heshima ya mkwe ni ile ile. Wao huiita nthoni. Kwa miaka kumi na minne mama mkwe hakuwahi kula nami meza moja wala kunitazama usoni, na nilijua ananipenda kwa bidii aliyotia katika kunikwepa.

Alipokuja kukaa nasi mwezi mmoja, alikataa choo cha ndani kwa sababu mkwe hukikalia. Tukamsafishia cha nje, cha kuchuchumaa, cheupe kinachong'aa.

Wakati huo nilikuwa mkulima wa matunda ya dragoni, yale yanayoota kwenye mmea wa miiba. Usinicheke, majirani walishamaliza kicheko chote. Waliniuliza kwa nini nalima miiba katika nchi iliyojaa miiba. Basi mavuno ya kwanza yalipoiva, mekundu ndani hadi kisu kikabadilika rangi, nilimjazia Mama bakuli nikaliweka mlangoni mwa jikoni, nikarudi nyuma kama inavyotakiwa. Bakuli likarudi tupu. Nikajaza tena, likarudi tupu. Kichwa kilinivimba. Nami nikala manne, kujipongeza.

Kesho yake asubuhi mke wangu alikuwa ameshaenda kazini Nairobi. Mama alitoka chooni, akaketi kwenye ngazi ya jikoni, akajifunika leso kichwani na kumwambia mbuzi aliyefungwa karibu:

"Mbuzi, mwambie mwenye hii nyumba apigie bibi yake simu. Mimi nimefika mwisho."

Nikajificha nyuma ya kona ya nyumba. "Mbuzi, muulize mama anaumwa wapi."

"Mwambie siumwi mahali. Lakini huko nimetoka ni damu tupu, na imekuwa laini kama uji. Mimi ni mtu wa mahindi na maharagwe. Choo yangu huwa ngumu, ya heshima."

Mama yangu mzazi nilishamzika, na huyu sikuwa tayari kumpoteza hata kidogo. Yeye alikuwa ameanza kugawa mali kupitia kwa mbuzi: sufuria kubwa kwa kitinda mimba, kitenge kipya kwa akina mama wa kanisa. Simu ya mke wangu haikushikwa. Nikakimbilia funguo za gari, lakini haja ilinibana, ikabidi nipitie choo cha ndani kwanza.

Nilipogeuka kumwaga maji, nikaona nyekundu. Niliamini kabisa kwamba sote wawili tunakufa, tena siku moja, na sijui watu wangesema nini. Kisha nikatazama vidole vyangu. Bado vilikuwa vyekundu tangu jana, kwa kumenya yale matunda.

Nikarudi mbio kwenye kona yangu. "Mbuzi, mwambie mama ni matunda tu! Rangi ni ya matunda!"

"Mwambie asinidanganye kama mtoto. Tunda gani inapita mtu mzima na bado iko na rangi yake? Apigie bibi yake simu."

Ushahidi wa kumtuliza nilikuwa nao, ila ulikuwa wangu binafsi, na hakuna mkwe tangu dunia iumbwe aliyewahi kuutoa. Nikatoka kwenye kona. Mbuzi nikamwacha apumzike.

"Mama," nikasema, "hata mimi nimetoka huko sasa hivi. Yangu pia ni nyekundu. Na ni laini."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama akateremsha leso polepole, akanitazama machoni, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Wewe ulikula ngapi?"

"Nne, Mama."

"Mimi saba," akasema, akaangua kicheko hadi akajifuta machozi kwa leso.

Kisha akasogea kidogo kwenye ngazi, nikaketi.