Daraja la Tambi

Nilikuwa kidato cha pili mwalimu wa fizikia alipotuagiza kila mtu ajenge daraja kwa tambi kavu. Ambaye daraja lake lingebeba uzito mkubwa kuliko yote angeiwakilisha shule kwenye mashindano. Nilikuwa msichana mwenye hasira za karibu, na nafasi hiyo niliitaka kwa kufa na kupona. Kwetu Kariakoo, katika nyumba ya kupanga nyuma ya Msimbazi, hakukuwa na kingine cha kushinda.

Mama alinipa pakiti zote za tambi alizoweka kwa ajili ya futari. Gundi sikuwa nayo, nikakoroga uji mzito wa unga wa muhogo, ule wa kubandikia karatasi. Nikapaka bila kipimo. Tambi zikalowa, daraja likalala chali. Mara ya pili nilipaka kwa ncha ya kijiti, nikaanika uani siku tatu. Likabeba jiwe la mizani la kilo tano. Mama akapiga kigelegele.

Ilikuwa Ramadhani. Baba wa kambo alifunga tumbo tu, ngumi zake zilikula mchana kutwa. Jioni ile, nusu saa kabla ya adhana, akafunua masufuria.

"Tambi ziko wapi?"

"Zimekwisha, mume wangu. Leo kuna mihogo."

Akaipiga teke sufuria ya mihogo. Akamshika mama shingoni, akambamiza kichwa kwenye mlango, mara ya kwanza, mara ya pili. Damu ikamchuruzika hadi kwenye kanga. Wapangaji wenzetu wakafunga milango yao. Mimi nilikuwa nimeshika mchi, na sioni haya kusema nilitaka afe. Mama akaniona, akatikisa kichwa.

Baba akainua ngumi tena. Nikatupa mchi, nikalishusha daraja kutoka juu ya kabati.

"Tambi hizi hapa, baba."

Nikalivunja kwa goti. Nikazipika kwa nazi na sukari huku mama akinawa damu bombani. Adhana ilipolia baba alikula sahani mbili.

"Leo zimeiva vizuri," alisema.

Asubuhi mwalimu alisimama mbele ya dawati langu.

"Daraja lako liko wapi?"

"Baba amelila, mwalimu."

Darasa zima likaangua kicheko. Nilichapwa viboko sita: vitatu vya kuja mikono mitupu, vitatu vya uongo.