Pingu za Handakini

Mama anayetembeza wageni kwenye makumbusho ya ngome ni mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza. Kabla ya kushuka hufuta kioo cha tochi kwa ncha ya mtandio, huwahesabu wageni mara mbili, kisha huwaonya, "Inameni wanangu, dari hii haina adabu." Huko chini kwenye mahandaki hutembea upesi kama aliye jikoni kwake, na mgeni akicheka ovyo, hunyamaza mpaka kicheko kimfie mdomoni.

Juzi mkurugenzi wa makumbusho alifuatana nao ili kuzindua kibao kipya: njia hii ilichimbwa na mafundi waliojitolea. Mama alikisoma mara mbili, akamgeukia. "Waliojitolea, bosi? Babu yangu aliletwa hapa kwa viboko!" Mkurugenzi akatabasamu. "Mama, watu wanakuja kustarehe, usiwatie simanzi." "Na pingu hizi?" Akamulika pete za chuma zilizopigiliwa chini ya ukuta. "Hizo? Za kufungia punda." Mama akavua kiatu, akausukuma mguu wake ndani ya pete mpaka ikamkaa kifundoni sawasawa. "Huu ni ukwato, bosi? Niambie mbele ya wageni, huu ni ukwato?" Alipotaka kuutoa mguu, ukagoma. Wageni wawili wakasogea kumsaidia, akawazuia kwa mkono, macho yake hayakumwacha mkurugenzi. "Acheni. Piga magoti wewe, unitoe." Akapiga magoti, na suti yake.