Wadakaji Wasioitana

Simu yangu niliinunua Mombo, kwa kijana aliyekuwa akiuza simu zilizotumika kando ya barabara kuu. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameacha ndani yake nyimbo mbili, picha ya mbuzi na mchezo mmoja. Nyimbo nilizifuta. Mchezo niliuacha kwa sababu hauhitaji bando, na kwetu mlimani mtandao unashika tu mtu akisimama juu ya jiwe lililo nyuma ya choo.

Ni mchezo wa mpira mdogo unaopigwa kwa gongo. Sikujua unaitwaje mpaka dereva mmoja wa lori alipochungulia akasema hiyo ni besiboli, Wamarekani ndio wanaicheza. Maelezo yake yameandikwa kwa lugha nisiyoijua, kwa hiyo sheria nilijifunza kwa kufungwa. Mmoja anarusha, mmoja anapiga, na mpira ukiruka kuna watu waliotawanyika uwanjani wanaoufuata, kila mmoja na glovu kubwa mkono mmoja. Hao mimi nawaita wadakaji. Nawapenda kuliko wapigaji.

Wana tabia ambazo mtu wa kweli hana. Mdakaji anaweza kuwa ameupa mpira mgongo, akanyoosha mkono nyuma, na mpira ukakunja njia kumfuata. Anaweza kujirusha kifudifudi na, akiwa bado amelala, akautupa mpira mpaka upande wa pili wa uwanja, ukaingia kwenye glovu ya mwenzake ambaye wala hakuwa akitazama. Yuko mmoja wa pembeni kulia ambaye akifika ukutani haachi kukimbia. Miguu inakwenda, yeye yuko palepale. Na yule ambaye sijamgusa kwa kidole hasogei kabisa, hata mpira ukipita karibu na kiatu chake. Anasubiri kuchaguliwa.

Lakini nilichokipenda zaidi ni pale mpira unapokwenda katikati ya wadakaji wawili. Wote wanaukimbilia, na wakikutana wanapitana, mwili ndani ya mwili, kama ukungu unavyopita kwenye mikaratusi. Hakuna anayeumia. Mpira ukianguka hakuna anayemtazama mwenzake. Kila mmoja anarudi kwenye nafasi yake, kimya. Mimi hata shikamoo hunitoka kwa shida. Si kiburi, ni sauti tu inachelewa. Nilikuwa nikiwatazama wale watu nikiona kwamba uwanjani kwao ningefaa.

Kazi yangu ni kupakia kabichi. Zikishakatwa hupandishwa barabarani kwa matenga, na lori likija zinarushwa mojamoja kwa walio juu, nao wanazidaka na kuzipanga. Mimi nilikuwa wa chini kabisa, wa kuzisogeza kutoka kwenye rundo mpaka miguuni mwa warushaji. Kazi ikiisha, sisi wa kusogeza tulinawa mferejini, kila mtu akashika njia yake. Wale wa juu na warushaji walishuka mjini na lori hilohilo, wakala chipsi kwenye meza moja. Niliwasikia wakicheka mpaka lori lilipokata kona. Mimi nilipanda kwetu, ambako tunaishi wawili, mimi na bibi yangu, naye si mtu wa maneno mengi.

Nilitaka kupanda lori. Mwaka huo sikutaka kitu kingine.

Nafasi ilipatikana mmoja wao alipohamia Mponde kwa wakwe zake kuchuma chai. Msimamizi wetu, mzee mfupi anayevaa koti la mvua hata jua likiwaka, aliniambia nipande nijaribu, na kama nitaweza nitabaki hukohuko. Juu nilikuta kijana wa rika langu mwenye sweta jekundu. Huyo alizoea kunitania kwamba maneno nayauza kwa kilo, ndiyo maana nayabania.

Kudaka niliweza. Kabichi inataka mikono miwili na magoti laini, basi. Lakini juu ya lori kuna utaratibu mmoja. Warushaji ni wawili na wadakaji ni wawili, na kabichi ikija katikati, anayeitaka anasema "Yangu", mwingine anaiacha. Nilikuwa nimelisikia neno hilo msimu mzima, kama mtu anavyosikia ndege. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja litanidai mimi.

Kabichi ikaja katikati. Niliiona vizuri sana. Nikaiendea, na yeye akaiendea, na ndani ya kichwa changu nadhani tulikuwa tunakwenda kupitana. Paji langu la uso likampiga mdomoni. Mdomo ukachanika, kabichi ikaanguka barabarani ikapasuka, na kazi yote ikasimama. Watu wote wakanitazama.

Msimamizi hakupaza sauti.

"Uliiona?"

"Niliiona, mzee."

"Ukanyamaza."

Nikaitazama kabichi iliyopasuka. Yule kijana akafuta damu kwa mkono wa sweta. "Mzee, msamehe. Leo kilo zimemwishia dukani."

Wakacheka, na mimi ningecheka kama ningejua pa kuanzia. Msimamizi alisubiri kicheko kiishe.

"Dogo, mwenzio hawezi kuona kilicho moyoni mwako. Shuka. Siku sauti ikipatikana, utapanda."

Nikarudi kwenye rundo. Jioni nilikaa kitandani na simu yangu, na wale wadakaji sikuwaona tena kama zamani. Niliona kwamba wanapitana kwa sababu hakuna hata mmoja anayejua kama mwenzake yupo. Uwanja mzima umejaa watu, na kila mtu yuko peke yake. Anayekosa hatazamwi, ni kweli, lakini anayedaka pia hatazamwi.

Nikaanza kuwasemea. Mpira ukienda katikati, nasema "Yangu" kwa niaba ya mmoja wao. Mwanzoni nilisema kwa midomo tu. Halafu kwa sauti ndogo. Siku moja bibi, akiwa jikoni, aliniuliza kwa Kishambaa ninaongea na nani. Nikamjibu ni simu tu.

"Basi sema kwa nguvu," akasema. "Huyo mtu hakusikii."

Nikasema kwa nguvu. Kuku wakashtuka uvunguni.

Ulipita muda, mvua zikaja na kuondoka. Asubuhi moja, lori likiwa limeshafunguliwa, nilimwamkia msimamizi. Akaitikia marahaba, akabaki akinitazama, maana alijua kwamba kwa kawaida huwa naishia hapo.

"Imepatikana, mzee," nikasema.

Akanionyesha lori kwa kidevu. Yule kijana wa sweta jekundu alikuwa juu, mdomo umebaki na alama. Akaniuliza kama leo nimekuja na mizani. Nikatikisa kichwa kukataa.

Kwa muda mrefu kila kabichi ilikuja kwa mwenyewe, hata nikaombea katikati pabaki patupu. Halafu ikaja. Mikono ya yule kijana ilikuwa imeshatoka. "Yangu," nikasema, na sauti ikavunjika kama ya mbuzi. Akairudisha mikono, akapiga hatua moja nyuma, akanitazama mpaka nilipoidaka. Iliyofuata aliiita yeye, nikarudi nyuma mimi.

Jioni nilishuka mjini na yule kijana na warushaji. Walizungumzia mpira wa miguu, nikala nikisikiliza. Hakuna aliyeniuliza neno. Tulipoachana, wao walishika njia ya bondeni kwa kundi. Ya kwangu inapanda, na huwa naipanda peke yangu.

Nyumbani nilifungua mchezo kabla ya kuvua viatu. Mpira ukapigwa juu, ukaanza kushuka katikati ya wawili.

"Yangu," nikasema.

Nilitazama kama mmoja atarudi nyuma, hata hatua moja. Wakapitana, mpira ukaanguka, kila mmoja akarudi kwenye nafasi yake.