Nyota ya Kasha la Bi Ummulkheir

Vidole vya mkono wa kushoto wa baba mkwe wangu havijui kutulia. Akishika mpini wa jembe, vinapanda na kushuka. Akimpakata mtoto wangu, vinatembea juu ya mgongo wake mpaka mtoto anasinzia. Nilipoolewa hapa Jilore nilidhani ni maradhi. Mume wangu Kitsao akacheka. "Baba anapiga gitaa," aliniambia. "Ila gitaa halipo."

Baba mkwe anaitwa Kambi. Ni mkulima wa mihogo na mahindi, mjane, mtu wa maneno machache. Ujana wake wote ulikuwa Malindi, kwenye bendi ya hoteli. Walikuwa watatu: yeye, Mapenzi aliyepiga ngoma, na Aboud, kijana wa Kibajuni ambaye wazazi wake walitoka visiwani. Gitaa la umeme lilikuwa la Aboud. Mwimbaji mmoja wa Kitaliano alimwachia aliporudi kwao. Lakini Aboud mwenyewe sauti yake ilikuwa tamu kuliko vidole vyake, basi akamkabidhi Kambi alipige, kwa neno moja tu: "Hili ni langu na wewe ni wangu. Usinipotezee."

Likapotea.

Baba alipata kazi ya upishi kwenye meli, akaliacha gitaa kwenye chumba cha bendi pale hotelini. Meli ile ilishikwa huko Uarabuni kwa kesi za wenye meli, mabaharia wakakaa miaka bila njia ya kuandika nyumbani. Aliporudi, hoteli ilishauzwa, Mapenzi amekufa kwa homa, na mlinzi akasema gitaa lilichukuliwa zamani na "ndugu yako." Nani? Hajui. Aboud hakukubali hata kidogo. Alisema Kambi aliliuza kabla hajapanda meli. Tangu siku hiyo hawakupeana mkono. Aboud anauza udi na ubani kwenye meza ndogo nje ya nyumba yake, na kila Baba akipita mtaa ule, mzee yule humpigia kelele mbele za watu: "Kambi! Leo unalipiga wapi?"

Watu hucheka. Baba huenda zake. Siku hizi huzunguka mtaa wa pili, hata akiwa amebeba gunia.

Mwaka huu Aboud alianza kuugua figo. Baba aliposikia, hakula chakula cha mchana. Akaniambia, "Kadzo, akifa hivi, nitabaki mwizi mpaka nami nife." Basi mimi na simu yangu tukaanza kutafuta. Nikaandika kwenye mitandao kwamba mzee anatafuta gitaa jekundu la zamani, aliye nalo ajitokeze. Lo! Magitaa yalitoka kila pembe. Mwingine alituma picha ya gitaa la bluu akasema litapakwa rangi tukitaka. Baba aliyakataa yote kwa kuangalia mara moja. Nilipomuuliza anajuaje, alisema tu kwamba anajua. Lipo jambo alikuwa halitaji.

Ndipo Kitsao, ambaye ni mpishi katika hoteli moja ya ufukweni huko Bofa, akapiga simu. Pale kazini kwao kuna gitaa jekundu limetundikwa ukutani kama pambo. Tukaenda, Baba na mimi na mtoto mgongoni. Baba alivaa shati jeupe la kanisani. Njia nzima vidole vilikuwa vinakimbia.

Kitsao alituingiza kwa mlango wa jikoni, akaliteremsha gitaa kwa ruhusa ya mkubwa wake. Baba alilipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto mchanga. Akalipindua. Akapitisha dole gumba pale tumboni, chini ya nyuzi, akarudia tena. Uso ukamsawijika.

"Silo," alisema.

"Baba, angalia vizuri. Rangi ni ile ile."

"Silo. Lile lina nyota."

Hapo ndipo akatueleza. Gitaa lilipofika kwa Aboud lilikuwa na tundu, mahali kilipong'oka kitufe cha sauti. Aboud alikwenda kwenye kasha la bibi yake, Bi Ummulkheir, lile kasha la mbao lenye mapambo ya shaba alilotoka nalo visiwani, akabandua nyota moja ya shaba, akaipigilia juu ya tundu. Bibi alimchapa, lakini nyota ikabaki. "Hii sijamwambia mtu," Baba alisema. "Si mama yangu, si mke wangu marehemu. Kila tapeli angekuja na nyota yake."

Nililipiga picha gitaa lile hivyo hivyo, angalau tuwe na mfano.

Tulifika nyumbani jua bado lipo. Baba akaenda nyuma kunawa miguu. Hawe alikuwa ameketi mlangoni anachambua kunde. Hawe ndiye mama yake Baba, bibi mzee ambaye macho yake bado yanaona sindano. Kambi wangu mdogo nilimteremsha mgongoni, akatambaa mpaka mapajani kwake. Ndiyo, mtoto wangu naye ni Kambi. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake wa kuumeni. Baba humwita "somo."

Hawe akauliza tumepata nini. Nikamwonyesha picha kwenye simu.

Akaishika simu kwa mbali, akaiangalia. "Hili silo," akasema, akarudia kunde zake. "Hili halina nyota."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya mtungi shingoni. Baba hakuwahi kulileta gitaa lile Jilore. Hawe hakutaka hata kusikia habari za muziki wa hotelini; kila mtu hapa nyumbani anajua. Ameijuaje nyota?

"Hawe," nilisema polepole, "nyota gani?"

Mikono yake ikasimama ndani ya ungo. Nikainua macho. Baba alikuwa amesimama pembeni ya nyumba, ndoo mkononi, maji yanamwagikia miguu yake na hana habari.

"Mama," alisema. "Uliliona wapi?"

Hawe akashika tena kunde zake.

"Mama! Uliliona wapi gitaa la Aboud?"

"Nililiona nilipoliosha," Hawe alisema, sauti yake ndogo kama ya mtoto aliyekutwa akiiba sukari. "Nililiosha, nikalipaka mafuta ya nazi, nikalivika leso. Ungetaka nikuzike uchi?"

Ndoo ikaanguka.

Sasa nieleze kama alivyoeleza yeye, maana yeye alieleza huku akilia na kumkemea mwanawe papo hapo, kwamba kosa ni lake, nani alimtuma kupanda meli. Ilipita miaka bila habari. Kisha ukaja uvumi kwamba meli ya Kambi imezama na watu wote. Mapenzi, yule mpiga ngoma, wakati Aboud yuko kwa ndugu zake visiwani, alilichukua gitaa hotelini akalileta Jilore kwa mikono yake, akasema, "Mama, kilichobaki cha mwenzangu ni hiki." Wazee wa ukoo wakakaa. Mtu aliyekufa mbali hawezi kuachwa akitangatanga, ataingia kwenye ndoto za watoto. Lazima azikwe kwao. Na mwili hakuna. Mzee mmoja akasema kilichoshikwa sana na mikono ya mtu kina jasho lake, na jasho ni mtu. Wakalichimbia kaburi gitaa. Hanga, karamu ya matanga, likaliwa, wanawake wakalala chini, nyimbo zikaimbwa.

"Kisha ukarudi," Hawe alisema. "Mzima! Umenenepa! Unakumbuka ulivyozuiliwa kule barabarani kwa amu yako mpaka siku ya pili?"

"Mliniambia mnatafuta mbuzi wa kunitakasa."

"Mbuzi tulikuwa naye. Tulikuwa tunasawazisha kaburi."

Baba alikaa chini palepale kwenye tope. Nami nilikumbuka kitu. Nyuma ya nyumba, karibu na mikorosho, pana kipande hakilimwi. Nilipokuja kama bibi harusi niliambiwa pana mchwa, nisiguse. Lakini mara nyingi nilimwona Hawe akisimama pale na kumwaga maji kidogo kutoka kwenye kata. Nilidhani ni uzee. Na mimi hukausha nepi za mtoto wangu kwenye mkorosho ule ule!

"Kwa nini hukuniambia?" Baba aliuliza. "Umesikia nikitukanwa. Umeniona nikilitafuta. Mama, maisha yangu yote!"

"Wazee walikataza. Aliye hai akionyeshwa kaburi lake, kaburi linamjua. Mimi nilichagua uitwe mwizi, lakini uwe hai wa kuitwa."

Baba aliinuka. "Nalifukua."

"Hufukui! Kaburi lile lina jina."

"Jina langu. Wacha linichukue, kuliko Aboud afe akiniita…"

"Si lako peke yako." Hawe akamtazama mtoto aliyekuwa anakula kunde mbichi mapajani kwake. "La huyu pia."

Sijui nilivukaje ule uwanja. Nilijikuta tu nimemnyakua mwanangu na nimemkumbatia mpaka akapiga kelele. Mimi nimesoma mpaka darasa la nane, na kanisani nafundishwa kwamba jina ni jina. Lakini mama akiambiwa jina la mwanawe liko ardhini, masomo yanakimbia. Baba alituona. Akaliweka chini jembe alilokwisha kulishika, akaingia chumbani kwake, na vidole vyake, nilivitazama, vilikuwa vimetulia. Hilo liliniogopesha kuliko yote.

Asubuhi niliamshwa na mlio wa jembe. Hawe alikuwa kwenye mikorosho, anachimba peke yake, amejifunga leso kiunoni na nyingine kichwani. Baba alipotoka mbio, bibi yule hakugeuka.

"Nililizika mimi, nitalifukua mimi," alisema. "Wewe kaa mbali. Kadzo, mshike mtoto huko mlangoni."

Lakini nguvu zilimwishia, na mwishowe Baba akamshika mkono, akampokonya jembe kwa upole. Walichimba wawili, mama akitoa udongo kwa viganja.

Mchwa kweli walikuwepo. Hakukuwa na gitaa. Lilitoka vumbi jeusi, kipande cha mbao kilichobaki kama sifongo, kisha vyuma: vifunguo vya kukazia nyuzi vimeshikana kwa kutu, bamba dogo, waya. Baba alikuwa anavipanga juu ya jani la mgomba kimoja kimoja. Halafu akapekua udongo kwa kidole na kutoa kitu kidogo cha kijani. Akakisugua kwenye suruali. Akasugua tena. Pembe sita, na tundu mbili za misumari.

Alilia kwa sauti. Sikuwahi kuona mkwe akilia. Niligeuza uso kwa heshima. Ndiyo maana nikaona jambo ambalo yeye hakuliona. Hawe alifungua leso ya kichwani kwake, ile aliyoivaa miaka nenda miaka rudi, akaikunja vizuri, akaiweka shimoni. Kisha akaanza kufukia haraka. Akaniona namtazama. Akaweka kidole mdomoni.

Kaburi halikubaki tupu. Lilipewa jasho la Hawe, na jina lake.

Siku ile ile tulikwenda Malindi. Baba hakuzunguka mtaa wa pili. Aboud alikuwa kwenye kiti chake nyuma ya meza ya ubani, miguu imevimba, kofia imekaa upande.

"Salaam aleikum," Baba alisema.

Aboud akanitazama mimi. "Mwanangu, huyu mzee uliyemleta ni nani wako?"

"Shikamoo. Ni baba mkwe wangu."

"Marahaba. Muulize basi leo analipiga…"

Baba aliiweka nyota mezani, katikati ya vifuko vya udi.

Aboud akaikodolea macho. Hakuigusa. Aliita tu, "Hafidha! Hafidha, njoo!" mpaka mkewe akatoka mbio akidhani amezidiwa. "Nishike mkono. Nipeleke kwenye kasha."

Tuliingia sote. Kasha la Bi Ummulkheir lilikuwa chini ya dirisha, limefunikwa kitambaa. Hafidha alikifunua. Nyota za shaba zilikuwa zimepangwa upande wa mbele, zinang'aa, na mahali pamoja palikuwa na pengo, mbao nyeusi tupu yenye alama mbili za misumari. Aboud aliiweka ile nyota ya kijani pale kwenye pengo. Tundu zikaingia juu ya tundu.

"Ilikuwa wapi?" aliuliza, kinyonge.

Baba akamweleza. Alipofika kwenye kuoshwa na kupakwa mafuta, Hafidha aliketi kitandani. Alipofika kwenye hanga, Aboud alishika kifua.

"Subhanallah! Kwa hiyo wewe ulikufa?"

"Nilizikwa."

"Na mimi huku nakutukana?"

"Kila nikipita."

Aboud alimtazama, sikujua kama atalia au atacheka. "Basi nimemnunia maiti," alisema. "Kambi, nimemnunia maiti mpaka nimezeeka!" Akaunyosha mkono. Baba aliupokea, wala hakuuachia, na juu ya mgongo wa mkono ule wa mgonjwa nikaona vidole vyake vya kushoto vimeanza tena, taratibu, vinapanda na kushuka. Aboud akafumba macho. Akaujua wimbo. Akauimba kwa sauti iliyopasuka, mstari mmoja, akaishiwa pumzi.

Tulipokuwa tunaaga, Hafidha alinifuata mlangoni na kifurushi. Alisema si adabu mama wa watu afukue kaburi halafu akose kupelekewa kitu. Nilikifungua nilipofika nyumbani, mbele ya Hawe, ambaye kichwa chake kilikuwa wazi, mvi tupu.

Ilikuwa doti ya leso, mpya.

Sikuwa nimemwambia mtu habari ya ile leso ya shimoni. Hawe alinitazama, nami nikamtazama. Kisha akaikata doti, moja akajifunga kichwani, ya pili akamfunika nayo Kambi wangu aliyekuwa amelala.