Wavu wa Ziwani Katika Majani ya Lubarika

Niliondoka Uvira kwa sababu ya mdomo wangu. Nalisema hili mapema ili nyinyi mnaonisoma nyumbani msidhani nilisukumwa na njaa au ushujaa. Mimi hushona nyavu za wavuvi mtaani Kilibula, na nampenda Neema, mwalimu wa shule moja pale Kasenga, ambaye wazazi wake wako Lubarika, katika bonde la Ruzizi. Siku moja Neema alinipa simu nimsalimie baba yake, Mzee Musafiri, mwindaji wa ukoo wa wawindaji. Tulikuwa hatujaonana hata mara moja.

"Weye muntu wa ziwa," akasema, "siku ya kuja kwangu utaleta nini? Ndagala?"

Ndagala ni vile visamaki vyetu vidogo, na ndivyo vilivyonilea mpaka nikaota ndevu. Nilikasirika. Nikamjibu kwamba hata mimi ni mwindaji.

Mzee akalidaka neno hilo. "Basi ni vizuri. Jumamosi utaleta nyama yenye uliua weye mwenyewe. Na mbele ya kukula, utasimama utusimulie vile uliiua. Kwetu nyama ya pori haikuliwe bila kusimuliwa."

Neema alichukua simu yake, akaniangalia kama anavyomwangalia mwanafunzi aliyekula chaki. "Papa akijua umemudanganya, atatukatalia kuoana. Weye haumujue. Minye namujua."

Nani angenifundisha? Wawindaji wote niliowahi kuwasikia ni wa bondeni, na bonde zima ni ndugu za Mzee Musafiri. Kumwuliza mmoja wao ni sawa na kumpigia yeye mwenyewe.

Alhamisi nilikwenda kwa fundi wa vyuma wa Kasenga, aliyekuwa akiunga nondo za dirisha, nikamwomba mkuki. Akaniuliza wa ukubwa gani. Nikasema wa kawaida, utadhani nanunua suruali. Akachukua nondo ndefu iliyobaki, akainoa ncha, akaniambia nisiiache mvuani. Wavu sikuhitaji kununua. Nilijiambia kwamba wavu ni wavu, na kwamba mnyama ni samaki mwenye miguu.

Ijumaa, saa moja asubuhi, nikapanda pikipiki. Dereva aliifunga nondo yangu ubavuni, ikatokeza mbele na nyuma.

"Weye iko najenga wapi?" akauliza.

"Sijengi."

"Na chuma hii?"

Nikamwambia awashe pikipiki. Pale Kavimvira mama muuza maembe akaniuliza ninajenga wapi. Kiliba, penye miwa, tuliposimama kunywa maji, wanaume wawili waliniambia kwa huruma kwamba nondo moja haitoshi nyumba. Tulipofika Sange nilikuwa nimechoka kukana, nikamwambia muuza mikate kwamba ni ya kanisa. Akanibariki, na hilo likaniuma zaidi.

Saa tano tulifika Lubarika. Nilikuwa nimekuja siku moja kabla kwa makusudi, niwinde kwa siri, kisha nitokee kwa mzee na nyama begani. Nilipokelewa na Mama Riziki, mjane mkulima, dada wa mvuvi mmoja ninayemshonea. Alinusa furushi langu la wavu na ndagala kavu, akasema mimi nitalala ndani lakini furushi litalala nje.

Nilipomwambia nimekuja kuwinda ndezi, wale panya wakubwa wa kwenye majani marefu, alifurahi sana. "Iko nakula muhogo yangu kila asubuhi, bila haya. Kamata yote! Lakini imbwa zako ziko wapi?"

"Mimi siwindi na mbwa."

"Ah," akasema. "Iko akili mupya."

Jumamosi, jua halijatoka, nilikuwa ukingoni mwa shamba lake. Nilitandika wavu kama ninavyojua: juu maboya yangu ya kandambili kuukuu, chini vijiwe vya kuuzamisha. Ungeuona ungedhani ziwa limekauka usiku na mimi sijapewa habari. Kisha nikatupa chambo. Samaki hufuata chakula, nikawaza, na ndezi naye ana mdomo. Nikamwaga viganja viwili vya ndagala kavu, nikaketi nyuma ya kichuguu na nondo yangu, nikashika kamba.

Alikuja paka. Akaja paka wa pili. Akaja bata wa Mama Riziki, akala kwa utulivu, akabaki hapo. Ndezi mmoja alipita upande wa pili akitafuna kipande cha muhogo, akautazama wavu, akaenda zake. Ndipo niliposikia kengele. Kwa ujinga wangu nikadhani ni kanisani. Kumbe ni njuga zinazofungwa shingoni mwa mbwa wa kuwindia. Majani yakafunguka, mbwa watatu wakazifuata ndagala mbio, wakazama wavuni wazima wazima.

"Vutaaa!" nikapiga kelele, kama wavuvi wanavyopiga, na nikavuta, ingawa ng'ambo ya pili hakukuwa na mtu wa kuvuta naye. Wavu ukajifunga. Ndani kulikuwa na mbwa watatu, njuga tatu, na bata.

"Nani anatega imbwa zangu?"

Sauti ile niliijua. Nilikuwa nimeisikia kwenye simu. Mzee mwembamba alitoka majanini na mkuki wa kweli, akaona nyuzi zilivyowakaba mbwa wake, akachomoa panga.

"Papa, usikate!"

Nilisema hivyo kabla sijakumbuka kuogopa. Nikakaa chini, nikaanza kuwafungua. Ni kazi ninayoifanya kila siku, ila samaki hawalambi vidole. Unatafuta uzi uliolegea, unaufuata, unauachilia, humvuti mnyama. Mzee alichuchumaa akitazama. Alipotoka mbwa wa tatu, hakuna hata jicho moja la wavu lililokuwa limekatika.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna aliyenifundisha kuwinda, Papa."

"Ya kuwinda naona. Niko nauliza mikono."

"Marehemu mama yangu."

Akanitazama, akaitazama nondo, akatazama maboya ya kandambili. "Na weye ni nani?"

Ningeweza kutaja jina lolote. Kufika Sange nilikuwa nimeshajua kudanganya vizuri. "Ni minye, Papa," nikasema. "Muntu wa ndagala."

Akawaita mbwa wake, akarudi nao majanini. Bata ndiye aliyebaki na mimi.

Saa saba mchana niliingia uani kwake na mfuko wa ndagala zilizobaki. Ukoo ulikuwa umeketi, sufuria tupu iko jikoni inangoja. Neema, aliyefika asubuhi ile, aliangalia begani kwangu, kisha mikononi mwangu, kisha chini. Mzee hakuwa amemwambia mtu yeyote.

"Mugeni wetu," akasema, "simama usimulie."

Nikasimama. Nikasimulia. Nilisema nilitega ndezi kwa ndagala. Nilisema nilikamata mbwa watatu na bata mmoja, mbwa ni wa Papa na bata ni wa Mama Riziki. Nilisema mimi si mwindaji, nilidanganya kwa simu kwa sababu nilichekwa, lakini kumpenda Neema si uongo.

Shangazi mmoja alianza kucheka, kitambaa kikamdondoka kichwani, wengine wakafuata. Neema alijifunika uso. Mzee peke yake hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na wavu wa kuwindia wa nyuzi za katani, mweusi kwa moshi, umetoboka kila mahali.

"Wavu hii alishona ndugu yangu. Tangu alikufa, hakuna muntu anajua kuifunga tena. Miaka yote niko natembeza imbwa tu, narudia mukono mutupu, na hapa nyumbani banakula maharage, bananyamaza. Leo nilienda kukutafutia nyama, mugeni asinikute bila kitu." Akauweka begani kwangu. "Itengeneze. Siku utairudisha, tutaenda nayo pori pamoja, nikufundishe. Njiani tutaongea ya Neema."

Mama yake Neema alichukua mfuko kutoka mkononi mwangu. Ndagala zilikuwa zimeshasimuliwa, kwa hiyo zikapikwa na tukala.

Jumapili, baada ya misa, nikaanza kurudi Uvira na nyavu mbili. Nondo mzee aliikataa, akasema ni ya dirisha. Kuwinda bado sijui. Nilichojifunza Lubarika ni kwamba nilikuwa nimesafiri na kitu cha kumpa mzee yule tangu Kilibula, nikakificha nyuma ya nondo.

Kijana wa pikipiki alikuwa mwingine. Aliifunga nondo ubavuni, akaitazama mbele na nyuma.

"Muko najenga wapi, kaka?"

"Lubarika," nikamjibu.