Alianguka mmoja, wakafukuzwa watano

Saa moja asubuhi, mlango wa mbele umeshafunguliwa na wateja wa kwanza wameleta mabunda yao ya nguo. Dada mtu anapokea, anatenga mashati na suruali, anasema, "Njooni jioni." Nyuma ya pazia, katika chumba kisicho na dirisha, mdogo wake anapuliza mkaa wa pasi huku amejibana asikohoe.

"Wakijua ninayenyoosha ni mimi, hawarudi," ananong'ona, pasi ikipita juu ya kola. "Mmoja alisema nguo ikiguswa na mwehu, mwenye kuivaa huota ndoto mbaya. Nilicheka mpaka nikalia."

Ana miaka arobaini na mmoja na binti mmoja. Waliofanya naye kazi walimbatiza Bi Mstari, maana mstari wa suruali aliyoinyoosha yeye, wanasema, unakata nyanya.

Ugonjwa ulimjia baada ya kujifungua. Wiki nzima halali, maneno yanamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Kisha wiki nyingine hainuki kitandani, hata mtoto akilia. Mumewe akaaga kwamba anakwenda kununua sabuni. "Nadhani bado anaichagua," anasema, bila kutabasamu.

Hospitali iliupa ugonjwa jina na ikampa dawa. Akatulia. Kilichobaki ni kazi, na kila alikoomba aliambiwa, "Tutakupigia."

Miaka miwili iliyopita, pande tatu zilikaa meza moja. Hospitali ingetibu, ofisi ya ajira ingefundisha na kufuatilia, na hoteli moja kubwa ingeajiri. Wagonjwa watano wakachaguliwa, wakapigwa picha, wakapigiwa makofi. Bi Mstari akapelekwa chumba cha dobi.

Kwa mshahara wa kwanza alimnunulia binti yake viatu vipya, si vya kurithi. "Nilimwambia avivae hata ndani ya nyumba. Nilitaka nivisikie vikitembea."

Lakini dawa anayotumia haipatani na joto wala jasho jingi. Anayeimeza hana budi kunywa maji kila mara. Muuguzi wake alilijua hilo. Msimamizi wa dobi naye alijua kwamba chumba chake ni tanuri. Wawili hao hawakuwahi kuonana.

Chupa za maji zilikatazwa karibu na mashuka, na kutoka nje ni kwa ruhusa. Msimu wa joto ulipoingia, feni ikaharibika. Mikono ya Bi Mstari ikaanza kutetemeka, shuka moja akaliona mawili.

"Bosi, mikono yangu haishikiki," alimwambia msimamizi.

"Jana ulikunywa nini?" msimamizi akamuuliza, na wenzake wakaangua kicheko.

Alipiga simu ofisi ya ajira, akaambiwa hilo ni la hospitali. Hospitalini, muuguzi aliyemzoea alikuwa amehamishwa; akapangiwa kurudi mwezi unaofuata. Hotelini wakamwambia amalize zamu.

"Nilikuwa mtoto wa mama watatu," anasema. "Mtoto wa namna hiyo hulala na njaa. Kila mama anadhani ameshalishwa kwa mwenzake."

Siku chache baadaye alianguka, pasi mkononi. Shuka likaungua, na mkono wake wa kushoto nao. Kovu linaonekana hadi leo, limekunjamana kama kitambaa kilichosahauliwa juani. "Kichaa kimempanda!" mtu akapiga kelele. Watu wakamkimbia badala ya kumkimbilia. Mpishi mmoja tu ndiye aliyerudi na jagi la maji.

Daktari alimweleza dada mtu waziwazi: ugonjwa haukuwa umerudi. Mwili ulikauka maji, dawa ikajilimbikiza kwenye damu, ikageuka sumu.

Hotelini hakuna aliyeyangoja maelezo hayo. Wiki ileile waliondolewa wote watano.

"Samaki mmoja akioza, wameoza wote. Ndivyo wakubwa walivyoona," anasema msimamizi wa dobi, akiangalia viatu vyake. Kisha anaongeza polepole, "Mimi sikuambiwa habari za maji. Ningeambiwa, ningemwekea ndoo nzima."

Ofisa wa ajira aliyeshughulikia mpango huo anasema utaratibu ulikuwa mzuri, uratibu ndio uliokosekana. Kikao cha kuufufua? Hospitali inasubiri ofisi yake iitishe, na ofisi yake inasubiri hoteli. Hoteli haisubiri kitu.

Kati ya wenzake wanne, mtunza bustani amejifungia ndani kwa mama yake. Mwosha vyombo amerudishwa wodini. Wawili hawapokei simu. Bi Mstari anawapigia kila Jumapili, simu inaita mpaka inakata.

"Ugonjwa wangu nimeuzoea," anasema. "Ila mtu aoshe sahani zing'ae, halafu afukuzwe kwa sababu mimi nimeanguka? Hilo halizoeleki."

Dada yake anafunua pazia kuchukua mashati yaliyokwisha. Anasikiliza kidogo, anatikisa kichwa. "Namwambia, mdogo wangu, kosa si lako. Ananiitikia, 'Ndiyo, dada.' Halafu chakula hagusi."

Mara mbili Bi Mstari amekwenda hadi geti la hoteli. Mara zote mbili mlinzi, ambaye walikuwa wakitaniana kila asubuhi, alimzuia kwa upole. "Bi Mstari, nakuomba, usinivurugie kibarua changu. Nina watoto."

Jumatatu atakwenda tena. Dada yake anamwona anajisumbua, na yeye mwenyewe hana hakika kama meneja atatoka. Kazi yake hadai irudi. Anasema asingeweza tena kusimama katika chumba kile. Ana maneno mawili tu ya kumwambia meneja, na amekuwa akiyafanyia mazoezi hapa nyuma ya pazia, kwa sauti ndogo, ili wateja wasisikie:

"Wao hawakuanguka."