Nukta Katikati ya Bwawa

Nimeingia katika vyumba vya watu wa redio wa lugha nyingi, na karibu vyote vinanuka risasi ya kuchomelea. Cha Dada Waya kinanuka pasi. Yeye ni fundi cherehani. Mezani kwake, kati ya sare za shule na mkebe wa vifungo, kuna redio ndogo isiyozimwa na kompyuta kuukuu. Waya wa antena umepanda ukutani hadi juu ya paa, na ndio uliompa jina.

Kazi ya kituo chake ni rahisi kueleza. Gari lenye kifaa cha redio hutangaza mahali lilipo. Kituo hunasa tangazo hilo na kulipitisha kwenye mtandao, na nukta huonekana kwenye ramani. Kule milimani ambako simu hazishiki, hana mshindani. Mtihani wa leseni ya redio aliufanya mara tatu, huku mama yake akimuuliza kama redio zitamletea mchumba.

"Zimeniletea radi tu, mama," humjibu.

Nukta anayoitazama kuliko zote ni ya mdogo wake, muuguzi anayepeleka chanjo vijijini. Siku niliyokuwa pale, saa saba mchana, ujumbe wake uliingia: mkanda wa injini umekatika, barafu ya chanjo haivuki jioni, leteni fundi. Kipokezi cha setilaiti kinachoipa redio mahali kimekufa, kwa hiyo mahali nilipo nimeandika kwa mkono. Nazima redio hadi saa tisa, betri imechoka.

Fundi magari akafika na mkanda begani, pikipiki yake ikinguruma mlangoni. "Niende wapi?"

Tukatazama ramani. Nukta ilikuwa katikati ya bwawa.

"Gari limezama," akasema mama yake, aliyekuwa akikunja nguo pembeni, akajitupa juu ya lundo la sare.

"Mama, aliyezama halalamikii mkanda."

"Basi yuko ukingoni. Nenda bwawani, mwanangu."

Fundi akageuka kuondoka. Bwawa lilikuwa kushoto, milima kulia, mwendo wa saa moja na nusu kila upande. Akikosea njia, chanjo za watoto wa vijiji vitatu zingeharibika.

"Ngoja kwanza." Dada Waya akachukua chaki ya kukatia nguo, akaanza kuandika juu ya meza. "Simu yake, hata pasipo mtandao, inampa mahali alipo kwa digrii na desimali. Redio inataka digrii na dakika. Hapa simu imemwambia nukta nne moja mbili, yeye akaandika dakika arobaini na moja na ushei. Digrii ina dakika sitini, si mia."

"Umejuaje?" fundi akauliza.

"Nami nilifanya hivyohivyo. Mwezi mzima kituo hiki kilionekana kiko ndani ya gereza la mji wa pili. Wenzangu wakawa wananipa pole ya kifungo."

Fundi akacheka. Mama hakucheka.

Dada Waya akazidisha kwa sitini desimali za namba zote mbili, ya latitudo na ya longitudo, akafuta kwa kiwiko, akazidisha tena. Nukta mpya ikaangukia kwenye barabara ya milimani, mbele kidogo ya kona ya tatu.

"Na kama sivyo?" mama akauliza.

"Basi nitakuwa nimeharibu mimi." Akamtazama fundi. "Shika kulia."

Pikipiki ikaondoka. Yeye akarudi kwenye cherehani, akashona mkono wa shati, akaufumua, akaushona tena upande uleule usio wake. Mama alisogeza kiti karibu na redio akaitegea sikio, jambo ambalo, niliambiwa, halijawahi kutokea.

Saa tisa na dakika chache kompyuta ikalia. Fundi ameshafika. Anafunga mkanda. Barafu bado ipo.

Dada Waya akapumua, kisha akaandika: Ulijiweka bwawani.

Jibu halikukawia: Tafadhali usimwambie mama. Atanisema mpaka nizeeke.

Mama, ambaye sasa alikuwa nyuma ya kiti na miwani yake puani, akamgusa bega. "Mwandikie nimeshasoma. Na akimaliza chanjo zake aje ale."